Maneno ya Kijivu Hayaimbwi

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la duka lake pale Migwani, Nzilani alikuwa anawasha kompyuta kwanza. Hiyo kompyuta ilikuwa imezeeka, inaamka polepole na kelele nyingi, na wakati inaamka yeye anaimba. Si wimbo mzima. Anachukua mstari mmoja na kuuimba kwa sauti ya juu ya wanawake, shingo imenyooka. Halafu anaurudia kwa sauti ya chini, mkono kiunoni. Mwisho anaingiza kidevu kifuani na kuuimba kama mwanamume. Waliopita wakienda sokoni walijua amefika wapi bila kuchungulia.

"Leo yuko kwa bluu," mama wa ndengu, anayeuza hapo kando ya njia, alikuwa anasema huku akitandika gunia lake. Na kama bluu imerudiwa mara nyingi, ilijulikana kwamba Jumamosi wanaume wa kwaya watateseka.

Bluu ni wanaume. Nyekundu ni wanawake wa sauti ya juu, kijani ni wanawake wa sauti ya chini. Nyeusi ni wote pamoja. Nzilani alipanga hivyo mwenyewe miaka mingi iliyopita, alipopewa kwaya ya kanisa letu aiongoze na kukuta wengi wetu ni watu wa shamba na mbuzi, shule tuliiacha mapema au ilituacha. Ukituambia habari ya sauti kwa yale majina ya vitabuni, tunaangaliana. Ukisema kijani, tunafungua mdomo. Hata huko nje ya kanisa mtu anaulizwa Wavinya yupi, anajibu, yule wa kijani.

Duka lake lilikuwa la kupiga chapa na fotokopi. Watu walimletea barua za kuomba kazi, mitihani, kadi za harusi. Katikati ya hizo kazi alikuwa anapiga chapa nyimbo, na kila mstari anauvalisha rangi yake. Herufi nene ni kukaza sauti. Herufi za kulala ni kuimba kama unabembeleza mtoto. Akimaliza anatoa karatasi kwa ile printa yake ya rangi, anatugawia, na kila mwezi anatoa zingine kwa sababu tunazikunja, tunafungia sukari, tunazisahau kwa mvua.

Halafu kulikuwa na kijivu. Kijivu kilikuja baadaye. Zamani wakati wa mazoezi alikuwa anapiga kelele mpaka koo likakataa kabisa, na daktari akamwambia anyamaze au akose sauti. Akaona heri kelele zake aziandike. Kwa hiyo katikati ya wimbo, kwa herufi ndogo za kijivu, unakuta: Hapa pumueni. Wanaume msiburute, hii si mazishi. Rudia mara mbili. Muli usikohoe hapa. Huyu Muli hakuwa mgonjwa. Ni fundi wa baiskeli, mwanamume mwenye sauti nzito kuliko wote, na ana tabia ya kukohoa kabla ya noti kubwa, kama mtu anayepiga pikipiki kiki. Maneno ya kijivu tuliyasoma kwa macho na kuyatii. Hayakuimbwa.

Nzilani hakuwa ameolewa. Ujana wake aliutumia kulea wadogo zake, na walipomaliza kuondoka nyumbani mmoja mmoja, watu walikuwa wamezoea kumwona peke yake kama walivyozoea kuona duka lake pale. Halafu akaja Githaiga. Githaiga ana duka la hardware huko Emali, barabara ya Mombasa. Watu wake walitoka Nyeri zamani, yeye amekulia Emali, na mke wake alifariki akamwachia binti, Kui, ambaye sasa ana nyumba yake. Alileta mabati ya paa la kanisa siku ya mazoezi ya kwaya. Akasimama mlangoni kusikiliza, na mabati hayakushuka kwa gari mpaka tukamaliza kuimba.

Baada ya hapo alianza kuleta misumari ambayo hakuna mtu aliagiza. Kikamba chetu alijifunzia kwenye kaunta, kwa hiyo kilikuwa kizuri sana cha kupimia waya na kibaya cha kubembeleza. Lakini Nzilani alikubali. Tulifurahi, na hapohapo tukaogopa. Akienda Emali duka litafungwa, printa itaenda, karatasi zitachakaa, na sisi tutabaki na midomo.

Yeye aliogopa kutuzidi. Tarehe ya harusi ilipangwa, akaisogeza kwa sababu ya nyimbo za Pasaka. Ikapangwa tena, akaisogeza kwa sababu kwaya ilialikwa Kyuso. Githaiga hakukasirika. Aliuliza tu, kwa upole, kama kuna mwezi ambao Wakristo wa Migwani hawaimbi.

Ndipo kanisa likafanya harambee na kununua laptopu na projekta. Pasta Kivuva akasema nyimbo zitakuwa zinaonyeshwa ukutani, watu waachane na karatasi. Kazi ya laptopu akapewa Mutindi, msichana wa agroveti, lile duka la dawa za mifugo, mtu wa kijani, kwa sababu mkono wake hautetemeki akipima dawa ya ng'ombe. Nzilani alipoona ule ukuta mweupe alifikiri siku nzima, halafu akampigia Githaiga simu. Akamwambia mambo yatakuwa hivi: Jumapili ya mavuno atakaa chini na watu, hatasimama mbele. Kwaya itaimba kutoka ukutani peke yake. Tukiweza, tarehe itapangwa na haitasogezwa tena. Tusipoweza, hawezi kutuacha.

Githaiga akasema atakuja kusikia kwa masikio yake, na atakuja na dada yake mkubwa, Wamaitha.

Wimbo ulikuwa mpya, makusudi. Tuni alitufundisha kwa kuivumisha tu, mdomo umefungwa, maneno hakutupatia. Maneno yatakuwa ukutani. Siku ya Jumamosi alifungua wimbo kwenye kompyuta yake, rangi zote ziko sawa, akakopi, akapesti kwenye WhatsApp, ukaruka mpaka kwa simu ya Mutindi. Mutindi naye akafungua WhatsApp yake kwenye laptopu ya kanisa, akaukopi, akaupesti. Akaangalia, maneno yote yapo, hakuna mstari uliopotea. Rangi hakuziona, lakini hakushtuka. Alidhani rangi zinatoka kwenye projekta. Kwa nini tena kanisa lingenunua mashine ghali hivyo?

Jumapili kanisa lilijaa. Mbele kulikuwa na maboga, mihogo, magunia ya ndengu, na jogoo mmoja amefungwa mguu. Nzilani alikaa benchi la tatu, katikati ya Githaiga na Wamaitha, amekunja mikono kama mtu anayezuia kitu kisiruke. Mutindi akabonyeza. Wimbo ukatokea ukutani, mkubwa, mzuri, na wote ni mweusi.

Nyeusi ni wote pamoja. Tulitii.

Tuliimba kila kitu sote. Mstari wa wanawake unaosema nilibeba mimba na jembe, wanaume waliimba kwa nguvu, Muli akiwaongoza. Mstari wa kubembeleza tuliupiga kama tunabomoa ukuta, maana herufi za kulala nazo zilikuwa zimeamka. Na washiriki, kwa sababu maneno yako mbele yao na ni siku ya furaha, wakasimama wakaimba na sisi. Tukafika katikati. Ukuta ukasema, na kanisa zima likaimba, mikono juu:

"Bwana umenyesha, shamba limecheka, Muli usikohoe hapa."

Muli alifunga mdomo. Wengine hatukuweza kuacha, tuni ilikuwa inatuvuta. Tukaimba wanaume msiburute, hii si mazishi. Tukaimba rudia mara mbili, na kwa sababu ndivyo ilivyosema, tukaiimba mara mbili. Akina mama wa benchi la mbele walipenda sana ile ya Muli, wakairudia kama kiitikio hata baada ya ukuta kwenda mstari mwingine. Pasta Kivuva alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanatingishika, tukajua si maombi. Githaiga alilia machozi kwa kucheka, akatoa kitambaa, kitambaa hakikutosha.

Wamaitha ndiye hakucheka. Ibada ilipoisha alimtafuta Muli mpaka akampata nje karibu na tangi la maji, akamshika mikono miwili na kumwombea kifua. Muli, ambaye ni mtu wa heshima, aliinamisha kichwa akapokea maombi. Halafu akakohoa.

Watu waliendelea kucheka mpaka chakula kikaisha. Lakini Nzilani alikuwa amebaki ndani, kwenye benchi lilelile la tatu, anaangalia ukuta mtupu. Githaiga akarudi akakaa karibu naye. Sisi tulikuwa tunakusanya mazao, kwa hiyo yale waliyosema tuliyasikia.

"Umeona," Nzilani alisema. "Nikitoka ni hiyo kelele."

"Hiyo kelele ni tamu sana."

"Baba Kui, mimi sichezi. Siwezi kuja Emali."

Githaiga alitoa tena kitambaa. Alikuwa bado anajifuta macho, lakini sasa haikuwa rahisi kujua anafuta nini.

"Mimi mambo ya nyimbo sijui," akasema. "Najua milango. Mtu akija kwangu anasema amehamisha mlango kwa nyumba nyingine na haufungi, mimi namuuliza, bawaba ulizibeba? Anasema, nilibeba mbao tu."

"Sasa mimi nimebeba mbao."

"Umebeba mbao, mama. Bawaba ziko dukani kwako. Si watu hawa ndio wabaya."

Nzilani alisimama. Kesho yake asubuhi mama wa ndengu alisubiri kusikia rangi gani, akasikia kimya. Ndani ya duka Nzilani na Mutindi walikuwa wamekaa na laptopu ya kanisa kando ya ile kompyuta iliyozeeka, na mtu wa kutaka fotokopi aliambiwa arudi mchana.

Mwanzo waliondoa simu kwenye safari ya wimbo. Mutindi alijaribu mara kadhaa akaona wazi: chochote kikipita kwa WhatsApp kinafika kimevuliwa nguo, maneno matupu. Wakachukua flashi. Nzilani akaweka faili lenyewe ndani, Mutindi akalifungua kwenye laptopu, na rangi zikaonekana, nyekundu, kijani, bluu. Wakashikana mikono. Halafu Mutindi akakopi ubeti wa kwanza, akaupesti pale kwenye kurasa za kuonyesha ukutani, na ubeti ukawa mweusi tena mbele ya macho yao.

"Imekula," Mutindi alisema.

Nzilani akajaribu yeye mwenyewe. Ikala. Akatoka nje, akazunguka duka, akarudi. Akaketi, akapesti tena, na kile kisanduku kidogo kikajitokeza chini ya maneno, kama kinavyojitokeza siku zote. Nzilani akakiondoa haraka. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anakifukuza hivyo, kama inzi kwenye chai.

"Mwalimu, ngoja," Mutindi alisema. "Hicho ni nini?"

"Ni takataka tu. Huwa kinakuja."

"Kije tena."

Wakapesti tena. Kisanduku kikaja. Mutindi akakibonyeza badala ya kukifukuza, na kikafunguka. Kilikuwa kinauliza swali. Maneno yavae mavazi ya hapa yalipofika, au yabaki na mavazi ya kule yalikotoka, au yaje maneno peke yake bila mavazi? Nzilani alisoma polepole kwa sauti. Akasoma tena. Muda wote huo kompyuta ilikuwa inamuuliza kwa adabu, na yeye anaifungia mlango. Na kwa sababu hajibu, ilikuwa inajichagulia.

Mutindi akachagua yabaki na mavazi ya kule. Ubeti ukageuka. Nyekundu ikakaa kwa nyekundu yake, kijani kwa kijani, herufi za kulala zikalala, na hapo katikati, kidogo na kijivu, Muli akaambiwa asikohoe.

Nzilani alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa anacheka kicheko cha jana, ambacho alikuwa hajakicheka. Alianza kuimba ule mstari wa Muli, Mutindi akaitikia, na mama wa ndengu huko nje akawauliza wenzake hiyo sasa ni rangi gani.

Siku zilizofuata walihamisha nyimbo zote. Kazi haikuwa ya kukimbia. Kila wimbo unakopi, unapesti, unangoja kisanduku, unajibu. Nyimbo zingine zilikuwa na makosa ya zamani, na Nzilani alitaka kuyarekebisha yote kabla ya kuziachilia. Kuna wimbo mmoja wa mvua ambao Mutindi aliangalia akasema ubeti wa tatu ungekuwa mtamu zaidi kwa kijani. Nzilani akasema ubeti huo umekuwa nyekundu tangu Mutindi akiwa anabebwa mgongoni. Mutindi akaondoa mkono kwenye laptopu. Baada ya kitambo Nzilani akasogeza kiti nyuma, mbali na laptopu.

"Badilisha," akasema. "Lakini kwanza uimbe nisikie."

Mutindi aliuimba. Nzilani alisikiliza na macho yamefungwa, na alipoyafungua ubeti ulikuwa umeshakuwa kijani, na yeye akaomba wimbo unaofuata.

Jumamosi moja alituweka kanisani na wimbo mpya ukutani, yeye akatoka nje, akakaa kwenye saruji ya tangi la maji, mgongo kwa dirisha. Tuliimba. Nyekundu walianza, kijani wakaingia, bluu walichelewa kidogo kisha wakakumbuka. Ilipofika kijivu kila mtu alipumua kama alivyoambiwa, na hakuna aliyeimba kupumua. Kupitia dirisha tuliuona mkono wake unapanda, unashuka, unapanda. Halafu tukamwona anaukalia. Tulimaliza bila huo mkono. Alipoingia alisema tu kwamba jioni hiyo atampigia Githaiga simu, na wanaume wanaburuta.

Tarehe haikusogezwa tena.

Harusi ilifanyika hapahapa. Wageni wa Emali walikuja na basi la kukodi, Kui akiwa ameshika maua, na Wamaitha alibeba dawa ya kienyeji ya kifua kwa ajili ya Muli, chupa nzima. Nzilani alivaa gauni jeupe na glavu, na tulimwona mzuri mpaka tukasahau kwamba ni yeye. Walikula kiapo. Githaiga alisema sehemu yake kwa Kikamba, na katikati neno moja lilitoka kama anauza saruji, watu wakacheka, Nzilani akacheka kuliko wote. Pasta Kivuva akawabariki, akasema sasa kwaya iwatoe bwana na bibi harusi.

Wimbo huo wa kuwatoa, Nzilani alikuwa hajawahi kuuona. Mutindi aliuandika mwenyewe jioni baada ya kufunga agroveti, akauvalisha rangi, na sisi tulifanya mazoezi kwa siri kwa Muli, kati ya baiskeli. Ukatokea ukutani, mkubwa. Nzilani alikuwa bado amesimama mbele, ameuelekea. Tukaanza. Nyekundu wakasema Emali kuna upepo, beba shuka. Kijani wakajibu anayo, anayo. Na kabla ya bluu kuingia, pale ukutani, kwa herufi ndogo za kijivu, palikuwa pameandikwa:

Mwalimu, nenda tu. Usirudi kuturekebisha.

Kanisa zima liliona. Sisi tuliona, wageni wa Emali waliona, akina mama wa benchi la mbele waliona. Hakuna hata mmoja aliyeimba. Pakawa na kimya kifupi, cha urefu wa hayo maneno, na ndani ya hicho kimya Muli akakohoa.

Nzilani aliweka mkono wenye glavu mdomoni. Halafu akageuka, akashika mkono wa Githaiga, wakaanza kutoka katikati ya mabenchi. Bluu wakaingia, na kwa hofu au kwa furaha wakaburuta vibaya sana. Tuliona mkono wake mweupe unaanza kupanda. Githaiga aliuona pia, lakini hakuushika. Mkono ulifika usawa wa bega, ukafikiri, ukashuka ukawapungia akina mama wa benchi la nyuma.

Kila ibada ikiisha, Nzilani alikuwa na desturi yake. Watu wakitoka kwenda kula, yeye anafika mlangoni, anageuka, anarudi ndani, na kwaya haionji chakula mpaka tulipoharibu parekebishwe. Kwa hiyo wimbo ulipoisha hatukutawanyika. Tulibaki tumesimama kwenye mabenchi yetu, nyekundu, kijani na bluu, tukiangalia mlango. Alitoka kwenye jua, gauni likang'aa, akapotea upande wa magari. Tukasikia vigelegele. Tukasikia kicheko chake. Tukasikia basi la Emali likiwashwa na mlango wa gari ukifungwa.

Tulingoja kidogo tena.

"Bluu," Mutindi akasema nyuma ya laptopu. "Rudieni kutoka juu."